Neno Analodaiwa Ishaka Mchoraji

Ishaka Mwinyimvua alimsingizia mkewe. Alisimama ughaibuni, katika ukumbi wenye taa kali, mbele ya watu walioshika bilauri mikononi, akasema kwamba mambo ya unyago aliyoyachora kwenye picha zake aliambiwa na mkewe Mwanaharusi, kungwi wa Bagamoyo. Ni uongo. Mwanaharusi hakumwambia. Hakumwambia walipokuwa wachumba, hakumwambia walipolala njaa, wala hakumwambia mwaka ule alipougua homa ya matumbo akawa anaweweseka, na Ishaka mwenyewe ndiye aliyekuwa akimfuta jasho. Uongo wenyewe haukusemwa kwa hasira wala kwa kisasi, maana kisasi angalau kina heshima yake. Ulisemwa kwa sababu watu wa bilauri walipiga makofi.

Huyo Ishaka ni mtu wa Magomeni, Magomeni hii ya Bagamoyo, na kazi yake ni uchoraji. Alianzia kwa vinyozi. Kila kibanda cha kunyolea kilikuwa na kichwa alichokichora yeye, kirefu kama boga, sikio moja juu na jingine karibu na shingo, na chini yake maneno: KARIBU MTEJA. Wateja walikuwa wakikaa kwenye kiti wanamwambia kinyozi, "Ninyoe vyovyote, lakini usinitoe kama huyo."

Alipochoka na vinyozi akageukia watalii. Akachora Wamasai wasio na miguu, kwa kuwa miguu ilimshinda, akawa anawasimamisha kwenye majani marefu. Akachora twiga, naye twiga alikuwa hajawahi kumwona ila aliyechorwa ubavuni mwa ndege inayopita juu. Alijipangia picha zake ukutani kando ya barabara ya kuteremkia sokoni, akakaa chini yake amevaa kofia ya ukili, akisubiri Mzungu apite. Mzungu alipita. Alikuwa akipita kila siku.

Mwanaharusi alikaanga vitumbua. Ndivyo nyumba ile ilivyoendeshwa, na mtoto wao Haidar akasoma mpaka akaenda kufanya kazi Dar es Salaam. Asubuhi, Mwanaharusi akishamaliza kuuza, alirudi akaanza kazi ya pili, nayo ilikuwa ya mumewe. Ishaka alichora kwenye marikani. Marikani haichoreki hivi hivi, hunywa rangi kama mchanga. Mwanaharusi alikuwa akiikata, akiipinda ukingo, akiiloweka, akiipaka kanji ya muhogo mara mbili, akiianika, ikikauka akaivuta na kuipigilia misumari kwenye kiunzi mpaka ilie kama ngoma. Ishaka aliigonga kwa kidole, akaguna, akasema, "Sawa." Hiyo ndiyo ilikuwa shukrani.

Mzee Chandrakant, mwenye duka la vitambaa, kila akimwona Mwanaharusi mlangoni alikuwa na neno lake.

"Mama Haidar, huyu bwana yako marikani anaivaa au anaila?"

"Anaichora, mzee."

"Basi waambie watu wasife mwaka huu. Ya sanda imekwisha."

Ilipofika siku ya kupeleka picha kwenye maonyesho, Dar, kwenye ukumbi wa hoteli fulani, Mwanaharusi alizitoa kwenye viunzi, akazizungusha, akazitia ndani ya bomba la plastiki la kupitishia maji. Kati ya picha na picha alilaza kanga zake kuukuu zisigandane. Kila picha iliyotoka katika nyumba ile ilitoka imevaa kanga ya Mwanaharusi. Na kila mara bomba lilirudi zito vilevile.

"Soko la sanaa limelala," Ishaka alisema, akivua viatu.

Mwanaharusi alimtazama, akainuka kwenda kuloweka mchele wa vitumbua. Soko la vitumbua halina ruhusa ya kulala.

Sasa, mwanamke huyu hakuwa muuza vitumbua tu. Alikuwa kungwi. Shule hakuikanyaga, lakini mkoba wa ukungwi alipewa na Bibi Mina, nyakanga wa Makurunge, mkuu wa makungwi wote wa upande ule, baada ya kuketi nyuma yake miaka mingi akibeba sufuria na kufunga mdomo. Kupewa mkoba si sherehe ya siku moja. Ni wanawake kukuangalia na kuridhika kwamba kikiingia kwako hakitoki. Mwanaharusi hakuwa na mtoto wa kike, lakini mdogo wake Wahida alikuwa na binti, Adila, na tangu Adila yuko kwenye mbeleko ilikwisha kusemwa mbele ya watu: huyu, siku yake ikifika, atashikwa mkono na mama yake mkubwa. Mwanaharusi alikuwa amekwisha kumwekea kanga za siku hiyo sandukuni, na karafuu ndani yake.

Kuna mwaka mwali wa jirani alifundwa nyumbani kwa Mwanaharusi, kwa sababu nyumba ile ilikuwa na chumba cha ndani kisicho na dirisha. Wanaume waliondoka, Ishaka akaenda kulala kwa kaka yake. Siku ya mwisho Bibi Mina alichora ukutani yale yanayochorwa. Hayatatajwa hapa, na anayesoma kwa kuyatafuta aache sasa, hatayapata. Yatosha kusema kuwa hutumika rangi mbili: nyeusi ya masizi na maji, na nyekundu ya udongo uliokandwa kwa mafuta ya mbarika. Mafunzo yakiisha, ukuta huoshwa, ukapakwa chokaa, ukawa mweupe kama hakuna aliyewahi kuugusa. Wakauosha. Wakapaka chokaa. Mwanaharusi ndiye aliyeshika brashi. Wanaume wakarudi, chumba kikawa stoo ya unga na viunzi, maisha yakaendelea.

Baada ya hapo Ishaka alibadilika. Hakuchora tena twiga. Alipanga chumba kwa watu, akawa anajifungia huko, na marikani akaipigilia mwenyewe, vibaya, lakini mwenyewe. Picha alizizungusha mwenyewe uso ukiwa ndani. Mwanaharusi alipomletea kanga za kulaza katikati, alizipokelea mlangoni.

"Nionyeshe basi," alisema Mwanaharusi.

"Msanii haonyeshi unga, anaonyesha mkate."

Mwanaharusi alicheka. Alidhani mumewe anachora wanawake wa Kizungu walio uchi, kama alivyosikia kwamba wachoraji hufanya, akaona bora yasipite mbele ya macho yake.

Safari hii bomba lilirudi tupu. Kisha likaenda Nairobi, likarudi tupu. Kisha likapanda ndege pamoja na Ishaka. Aliporudi alikuwa na begi la magurudumu, akalikokota kwenye mchanga wa Magomeni, magurudumu yakagoma kuzunguka, naye hakukubali kulibeba. Kitu cha kwanza alichofanya kwa fedha ya ughaibuni ni kumwita fundi apige lipu vyumba vyote, akianza na chumba cha ndani. Majirani walisema Mwanaharusi amepata mume. Na yeye, Mungu amsamehe, alikubali. Alipitisha kiganja kwenye lipu ile laini, akamwombea Ishaka dua.

Akawa mtu wa kwenda na kurudi. Akirudi, hawezi tena kula ugali usiku, tumbo limezoea vingine. Akirudi, anaita vitumbua "chakula cha asili." Akiulizwa na vijana kazi yake inahusu nini, alifumba macho kwanza, kama mtu aliyeumwa jino, halafu akasema, "Inahusu ukimya."

Ukimya wenyewe ulivunjika Kiwangwa, kwenye harusi. Wanawake walikuwa jikoni uani wanachambua mchele, Mwanaharusi kati yao, wakimtania bibi arusi kwamba mumewe ana mananasi mengi kuliko meno. Msichana mmoja alikuwa na simu.

"Jamani! Mama Haidar! Si mumeo huyu?"

Wote wakasogea kwa furaha. Na kweli alikuwa Ishaka, amevaa kikoi na kofia ya kiua, yeye ambaye nyumbani anashinda na bukta ya mpira. Nyuma yake ukutani zimepangwa picha zake. Wasichana walimwangalia Ishaka. Wanawake watu wazima waliangalia ukuta, na nyuso zao zikaanza kufungwa moja baada ya nyingine, kama maduka siku ya msiba.

"Mke wangu ni kungwi," Ishaka alikuwa akisema kwenye simu, sauti laini kama ya muuza halua, akimsubiri mkalimani baada ya kila kipande. "Usiku, taa ikizimwa, ananinong'oneza. Hizi si picha zangu. Mimi ni mkono tu. Mdomo ni wake."

Makofi.

"Zima," alisema mama mmoja. Msichana akazima. Hakuna aliyemtukana Mwanaharusi. Bora wangemtukana. Mmoja alivuta ungo uliokuwa mapajani mwa Mwanaharusi, taratibu, akaupeleka kwa mwingine.

"Sikumwambia," alisema Mwanaharusi. "Jamani, mnanijua. Sikumwambia!"

"Tumekusikia, mwenzetu," wakamjibu, na mazungumzo yakahamia kwenye bei ya nazi.

Bibi Mina alimwita Makurunge. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, miguu imenyooshwa, simu ya mjukuu wake pembeni imefunikwa kwa kitambaa kama kitu kinachonuka.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimeona."

"Bibi, niletee msahafu niape."

"Kiapo chako ni chako na Mola wako. Mimi sijakuhukumu. Lakini siwezi kumweka mtoto wa mtu mikononi mwa mtu aliyetajwa. Nikikuweka, kesho akina mama watawaficha binti zao ndani, na unyago ufe mikononi mwangu." Akanyoosha mkono. "Nipe mkoba. Neno limetoka kwenye mdomo wa mumeo mbele ya watu. Lirudi kwa mdomo huohuo, mbele ya watu. Mwambie aje uwanjani kwangu aseme hukumwambia. Siku hiyohiyo utaondoka nao."

Mwanaharusi alitoa mkoba. Alirudi Bagamoyo mkono wake umekaa vilevile kama ulioshika kitu.

Magomeni hawakuchelewa kumpa jina. Wakamwita Mdomo. Hawakumwita usoni, lakini akipita kisimani husikia, "Funikeni ndoo, Mdomo anapita." Akinunua dagaa: "Mpimie vizuri, akitoka hapa dunia itajua." Watoto wakawa wanacheza mchezo wa kunong'ona wakikimbia. Vitumbua viliendelea kununuliwa, maana njaa haina mila, lakini hakuna aliyekaa kwenye benchi lake kuvila.

Ishaka aliporudi alimkuta mlangoni.

"Mama Haidar! Mbona huchangamki? Nimekuletea chokoleti."

"Nilikwambia lini?"

"Lipi?"

"Lile ulilosema nilikwambia."

Ishaka akacheka, akakaa, akaanza kuvua koti. Alikuwa amevaa koti, Bagamoyo, mwezi wa pili. "Aa, lile! Yale ni maneno ya maonyesho tu. Picha haiuziki bila hadithi. Wale wanapenda kusikia."

"Nimekuuliza, baba Haidar. Nilikwambia lini?"

"Hukuniambia."

"Basi umeyatoa wapi?"

Hapo Ishaka alisahau kwamba anaulizwa kama mwizi, akajibu kama fundi. Macho yakamng'aa. "Ukuta! Ukuta ndio ulioniambia. Mlipaka chokaa juu ya mafuta ya mbarika, chokaa haishiki mafuta. Ilipokauka vizuri zile nyekundu zikaanza kupanda juu, kidogokidogo, kama vipele. Wewe ulikuwa unaingia gizani unachota unga unatoka. Mimi niliingia na tochi kutafuta kiunzi. Ungeniona nilivyokaa mle! Sijawahi kuona uchoraji kama ule maishani."

 Ilimpitia Mwanaharusi kwamba brashi ya chokaa aliishika yeye. Lakini kosa la chokaa ni la chokaa, wala hakuna mwanamke aliyewahi kulijua, kwa sababu hakuna mwanamume aliyewahi kulala na tochi akiusubiri ukuta uote vipele.

"Basi kawaambie hivyo," alisema. "Nenda Makurunge kwa Bibi Mina, sema, hakuniambia, niliona ukutani. Basi. Sikuombi kingine."

"Nikaseme nimechungulia?"

"Si umechungulia?"

"Mama Haidar, sikiliza." Akashusha sauti, ile ya halua. "Wale watu wananinunua kama mtu niliyekabidhiwa. Aliyekabidhiwa ni msanii. Aliyechungulia ni..."

"Ni nani?"

"Usinivunjie riziki."

Mwanaharusi alikwenda chumba cha ndani na taa. Ukuta ulikuwa wa saruji, mlaini, umepakwa rangi ya maziwa. Hata angembeba Bibi Mina mgongoni akamleta, angemwonyesha nini? Lipu ile ile aliyoiombea dua.

Hata hivyo Ishaka aliahidi. Kuahidi hakumshindi. Alisema atakwenda Makurunge akitoka Nairobi, akatoka Nairobi akapitiliza. Alisema atakwenda baada ya Idi. Idi ilipita, akaleta jiko la gesi. Akaleta herini. Akamletea yeye pia koti, refu mpaka magotini, na Mwanaharusi akalifunika nalo pipa la maji, likafaa.

Mwishowe akaleta habari kwamba amemwomba radhi kwa njia anayoijua yeye, yaani kwa rangi. Amemchora. Picha imekwisha kuning'inizwa huko huko, ukumbi mzima, peke yake. Akamwonyesha kwenye simu. Na kweli alikuwa yeye, Mwanaharusi, kafanana kuliko mtu yeyote ambaye Ishaka amewahi kumchora, kajifunga kanga zake zilezile za kulaza kati ya picha. Kainama sikioni mwa mtu asiyeonekana, kiganja kando ya mdomo.

"Inaitwa *Mnong'onezi*," alisema Ishaka kwa upole. "Watu walilia."

Mwanaharusi alimrudishia simu. Aliona mwanamume huyu si mbaya, mbaya angejificha. Huyu alikuwa mtupu, kama lile bomba lake, na ukipuliza upande mmoja hutoka upande wa pili sauti yoyote wanayoipenda wenye ukumbi.

Kisha siku ya Adila ikakaribia. Siku hizi mwali hakai ndani miezi, hukaa likizo ya shule, na likizo ilikuwa imeanza. Wahida alikuja asubuhi, kabla watu hawajanunua, akasimama karibu na karai.

"Dada, mtoto kaingia ndani jana."

"Mwenyezi Mungu amkuze."

"Kila siku ananiuliza, mama mkubwa yuko wapi? Nimwambie nini?"

"Mwambie nipo nakaanga."

"Dada." Wahida akalia, machozi yakamdondoka karibu na mafuta, Mwanaharusi akamsogeza. "Bibi Mina kasema akija shemeji akasema, hata asubuhi ya siku yenyewe, wewe ndiye utakayemtoa mtoto. Asipokuja, atatolewa na kungwi wa Kiwangwa. Mmoja simjui hata jina la babu yake. Mwite huyo bwana. Mwite, dada, nakuomba, hata kwa kumdanganya."

"Mdanganyifu katika nyumba hii yupo mmoja, anatosha."

Lakini alimpigia. Na ajabu, Ishaka alikubali bila kuvutwa. Alisema Ijumaa atakuwa Bagamoyo kwa hakika, ana wageni, atapita Makurunge baada ya alasiri, na ahadi hii ni ya kweli.

Ilikuwa ya kweli. Alikuja. Wanawake walikuwa wameketi uwanjani kwa Bibi Mina, na Mwanaharusi ukingoni, si ndani si nje, kama alivyopangiwa. Gari likasimama. Ishaka akashuka na kofia ya kiua, na nyuma yake wakashuka Mzungu mwenye kamera begani na kijana mkalimani. Walikuwa wanapiga filamu ya maisha yake. Alikuja kulipa deni akaona aje na wapiga picha.

"Hicho kitoke," alisema Bibi Mina.

"Bibi, hawa ni marafiki, wanaheshimu sana mila..."

"Waheshimu wakiwa barabarani."

Mzungu na mkalimani wakarudishwa mpaka nyuma ya uzio wa makuti, hatua chache tu, kichwa cha kamera kikabaki kinachungulia juu. Ishaka akakipa mgongo, kisha akageuka kidogo, kikampata ubavuni.

"Shikamooni mama zangu," alianza. "Mimi ni mtoto wenu. Kila ninapokwenda duniani, ninawabeba ninyi. Nikishika brashi, nahisi mikono ya bibi zangu..."

"Bwana Ishaka," Bibi Mina akamkata. "Hatukukuitia khutba, khutba tumekwisha kuisikia mchana. Nina swali moja. Yale uliyoyachora, mkeo alikwambia au hakukwambia?"

 Mwanaharusi alisimama bila kujijua. Kwa muda mfupi alimwona Ishaka wa zamani, mchora vichwa vya maboga, akitazama chini kama mtu anayetafuta miguu ya Mmasai wake. Midomo ikafunguka. Halafu jicho likaenda kwenye uzio. Mkalimani alikuwa ameegemeza sikio.

"Bibi," alisema Ishaka, na sauti ya halua ikarudi, "sanaa haina ndiyo wala hapana."

Mtu mmoja akaguna. Mwingine akasema, "Haya, mjibu basi, swali ni dogo, la mbuzi, si la ngamia," na kicheko kikapita, kile kicheko kibaya cha wanawake wanapomvua mtu nguo bila kumgusa.

"Baba Haidar," Mwanaharusi alisema. Alitaka kupiga kelele, ikatoka sauti ndogo. "Sema. Adila yuko ndani mle."

"Mke wangu," alisema Ishaka, akafungua mikono, na kamera ikampata vizuri, "kati yako na mimi hakuna aliyesema wala aliyesikia. Sisi ni kitu kimoja."

"Nenda, bwana," alisema Bibi Mina. "Nenda ukawahi ndege yako."

Wakaondoka. Mzungu aliwapungia mkono kutoka dirishani, maskini, hakujua.

Watu walipotawanyika Bibi Mina alimzuia Mwanaharusi. Alimpeleka nyuma ya nyumba, akatazama huku na huku.

"Mwanangu, nikueleze. Siku ile ya simu nilimwambia mjukuu wangu azikuze zile picha. Nyekundu zote zimo. Nyeusi haimo hata moja. Mtu aliyeambiwa angeambiwa zote, kwa sababu nyekundu bila nyeusi ni upuuzi, wewe unajua. Huyu aliona, hakuambiwa. Sijui aliona vipi, lakini aliona."

"Ukuta," alisema Mwanaharusi. "Mafuta yalipanda juu ya chokaa."

Bibi Mina akafumba macho, akatikisa kichwa polepole. "Kumbe."

"Bibi, ulijua tangu siku ile? Na mkoba ukauchukua?"

"Niwaambie watu nini? Nisimame niseme nyeusi haimo? Nitakuwa nimetangaza kwamba nyekundu ni zenyewe, na kwamba nyeusi zipo. Nitamaliza kazi aliyoianza mumeo. Siri hailindwi kwa kuipigia mbiu." Akamshika bega. "Vumilia. Neno lake ndilo dawa."

Mwanaharusi alilitazama lile bega lake, na mkono ule ulio juu yake. Alimjibu, "Dawa umeiona leo, Bibi. Imepanda gari ikaondoka." Akaondoka bila kuaga, na hilo halijawahi kufanywa na mtu yeyote kwenye uwanja ule.

Jumamosi Adila alitolewa. Mwanaharusi hakukaribishwa ndani ya ua, lakini barabara ni ya watu wote, akasimama huko na kanga zile za sandukuni mkononi, zinanukia karafuu. Mchana ulikuwa mkali. Ngoma zikatoka, vigelegele vikatoka, kisha akatoka mwali, kafunikwa kichwa mpaka kifuani, macho chini kama inavyotakiwa, na anayemshika mkono ni yule mama wa Kiwangwa, mtu mzuri, hana kosa. Mwali haruhusiwi kumtazama mtu. Lakini alipofika usawa wa Mwanaharusi hatua zake zilisita, karafuu zimemfikia, na shingo ikaanza kugeuka chini ya kile kitambaa. Yule mama akamvuta taratibu. Wakapita.

Wahida alichukua kanga akazipeleka ndani. Zilipokelewa kama za mgeni mwingine yeyote.

Ishaka wakati huo alikuwa kiwanja cha ndege. Filamu yake imekwisha, wanasema inaonyeshwa huko, na uwanja wa Bibi Mina unaonekana, na Mwanaharusi anaonekana amesimama, mdomo wazi, na maneno aliyoyasema hayakutafsiriwa. Marikani Ishaka anaagiza sasa iliyokwisha kupakwa tayari, na Mzee Chandrakant analalamika kwamba amepoteza mteja. Mwanaharusi anakaanga vitumbua. Mdomo wanamwita bado.

Kwa hiyo hesabu yao ni hii. Bibi Mina anadaiwa, kwa sababu alijua akanyamaza, na hataki kukumbuka kwamba mtu pia ni kitu cha kulindwa. Wanawake wa jikoni Kiwangwa wanadaiwa, kwa kuvuta ungo kabla ya kuuliza. Lakini hao wadogo. Mdaiwa mwenyewe ni Ishaka Mwinyimvua, mchoraji, wa Magomeni na wa duniani. Siku ya Adila hawezi kuilipa, imekwenda. Anadaiwa neno moja, *hakuniambia*, alitamke kwa mdomo wake, uwanjani Makurunge, mchana, bila kamera na bila mkalimani. Herini hazimo katika deni hilo, wala jiko la gesi. Na ile picha aiteremshe.